Kamera ya babu, nobu ngumu, na hayo mafuta ya cherehani

Swali: Shikamoo fundi. Nimeachiwa kamera ya mbao ya marehemu babu, Thornton-Pickard ya nusu pleti (pleti ni kile kioo cha kupigia picha badala ya filamu). Nobu ya fokasi inazunguka fresh mwanzo, ikifika katikati inakaza. Nimeshatia mafuta ya cherehani mara mbili, inalainika siku moja mbili halafu inakaza kuliko mwanzo. Kuna jamaa kaniambia nipige tupa kidogo meno ya reki, ule mwamba wa shaba wenye meno chini ya ubao wa lenzi, yalegee. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Hiyo tupa irudishe ulikoitoa, na huyo jamaa asiishike tena hiyo kamera.

Hili la mafuta naulizwa kila siku mpaka nachoka. Watu wakiona nobu na meno ya shaba wanafikiria cheni ya baiskeli. Sasa hapa shaba imefungwa kwenye mbao, na ule ubao unaobeba lenzi unateleza kwenye mfereji wa mbao, kwahiyo mafuta ukiyatia kwenye meno hayakai hapo, yanashuka mferejini, mbao inayanywa, vumbi linanasa, na siku ya tatu una uji mweusi umejaa kwenye reki. Ndo hiyo inayokukazia, na ukiongeza mafuta unaongeza uji.

Ila kukaza sehemu moja tu, mi nawaza vitu viwili: skrubu ya reki imenyanyuka kichwa, au mbao imevimba kwa unyevu, Tanga hiyo. Kujua ni ipi, piga alama ya penseli reki zote mbili zinapokutana na pinioni (kile kigurudumu cha meno kinachozungushwa na nobu), toa shafti ya pinioni, halafu usukume ubao kwa mkono polepole. Ukikwama palepale, shida ni mbao. Ukiteleza, angalia reki.

Skrubu ikiwa inazunguka tu haikazi, usitafute nene zaidi, ubao ule mwembamba utapasuka. Chonga kijiti cha mwanzi, chovya gundi ya mbao, jaza tundu, acha mpaka kesho ndo ufunge. Kama ni mbao imevimba usipige msasa, maana kiangazi kikija itanywea halafu lenzi inaanza kucheza. Iache ndani kwenye hewa, kivulini, wiki mbili hivi, usiianike juani kama dagaa.

Uchafu wa reki safisha kwa mswaki na petroli kidogo ya laita, nje, mbali na moto. Spiriti hapana! Vanishi ya kamera nyingi za zamani ni shelaki, na spiriti inaiyeyusha hapohapo, utabaki na alama ya vidole vyako milele. Kwenye mfereji wa mbao sugua mshumaa mweupe mkavu, basi. Grisi, kama lazima, ncha ya kijiti cha meno pale shafti inapokaa, siyo kwenye meno. Ukirudisha shafti pima kwa rula kushoto na kulia, upande mmoja ukitangulia jino moja lenzi inaangalia pembeni na nusu ya picha inakosa fokasi.

Hiyo tupa sasa. Meno ukiyachonga yanaacha nafasi, ukiinamisha kamera lenzi inateremka yenyewe kwa uzito, umeshaseti fokasi vizuri kwenye kioo, unaingiza pleti, picha inatoka ukungu, halafu unalaumu lenzi. Na jino la shaba likishaondoka ndo limeondoka, hapo ni kutafuta reki nyingine.

Na siyo huyo jamaa tu, wako wengi, fundi wa simu, fundi wa redio, kila mtu ana spray yake ya kulegeza nati zenye kutu na kila kitu dawa ni hiyohiyo. Hapa mezani ninayo moja ilipigwa spray mpaka ikachuruzika, gundi ya mvukuto, ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na nyuma ya kamera, ikaachia kona mbili, ubao wa chini umekuwa mweusi kama sufuria ya kuni. Nimeipaka poda ya watoto nikaifunga magazeti, mwezi wa tatu huu, kila nikibadilisha magazeti yanatoka na doa, na mwenyewe kila Jumamosi anapiga simu kuuliza kama haiwezi kutiwa mafuta kidogo iwahi.