Gesi ya AC Haiishi: Somo Nililolilipia Mara Tatu

Juzi Jumamosi, saa nne usiku, dada mmoja wa Mbezi Beach anayesoma makala zangu aliniandikia hivi: "Kaka, samahani kwa usiku huu. AC yangu inapuliza upepo lakini baridi hakuna. Fundi amekuja, boksi la nje hata hakulifungua, kasema gesi imeisha, niandae laki na ishirini. Nimpe?"

Moyo ulinidunda. Maneno hayo mawili, "gesi imeisha", nimeyalipia mwenyewe mara tatu kwa fundi wangu mmoja, na mpaka leo nikiyasikia ni kama mtu kanigusa kidonda.

Nikamjibu asimpe hata senti. Nikamwambia awashe AC, kisha atoke nje na tochi ya simu asikilize boksi la nje. Baada ya dakika chache akarudi: feni ya nje inazunguka vizuri, ila ndani ya boksi kuna kitu kinanguruma kwa sekunde chache halafu kinakata, tak. Kinatulia, kisha kinajaribu tena na kukata, tak. Nikajua hapo hapo kwamba ile ni kompresa, pampu inayoizungusha gesi, inayotaka kuwaka na haina nguvu ya kuanzia. Gesi haihusiki. Nikamwambia azime breka, avumilie usiku huo na feni ya mezani, na kesho atafute fundi mwingine ampimie kwanza kapasita, kile kifaa kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Jumapili mchana picha ikaingia. Kapasita imevimba juu kama kopo la maziwa yaliyoharibika. Imebadilishwa, chumba kina baridi, na amelipa elfu thelathini, kifaa na ufundi humo humo. Nasema wazi kwamba nilijivunia. Nimekaa na furaha hiyo siku mbili, na ndiyo imenifanya niandike haya ambayo nilikuwa nayaahirisha kwa muda mrefu.

Sasa yangu.

Januari 2021 mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Imani. Tunakaa Tabata, nyumba ya bati lisilo na dari ya maana, na joto la Dar la mwezi wa kwanza na wa pili mnalijua. Mtoto alijaa vipele vya joto shingoni na kwapani, halali, mama yake halali, mimi naamka kwenda kazini nikiwa kama mlevi. Nikachukua akiba yote niliyokuwa nayo nikanunua AC ya BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupooza) kwa ajili ya chumba cha kulala. Nafikiri wewe unayesoma hapa unakitaka kilekile nilichokitaka mimi. Hutafuti ufahari. Unataka chumba kimoja ndani ya nyumba ambamo watu wako wanaweza kulala.

Usiku wa kwanza Imani alilala masaa sita mfululizo. Mke wangu aliniangalia asubuhi, hakusema kitu, akanishika mkono tu. Hiyo ndiyo baridi niliyoilipia.

Mwezi wa kumi baridi ikaanza kupungua. Nikampigia fundi yuleyule aliyeifunga. Akaja, akaunganisha geji, kipimo cha mgandamizo wa gesi, akanionyesha mshale: "Unaona kaka? Gesi imeisha." Elfu tisini. Baridi ikarudi. Mwezi wa pili, kwenye joto lenyewe, ikapotea tena. "Hizi AC kaka ni kawaida, gesi inatumika." Elfu themanini, kanipunguzia kwa sababu mimi ni mteja. Mwezi wa tano akarudi mara ya tatu, laki moja kamili, na safari hii hata hakukaa kwenye kiti. Alipotoka mke wangu akasema, "Baba Imani, huyu mtu anakuja kama anayekusanya kodi ya nyumba." Nilimjibu vibaya, na kauli ile naijutia mpaka sasa, kwa kuwa yeye alikuwa ameshaona nisichotaka kukiona.

Kilichotudanganya wengi wetu, naamini, ni neno lenyewe. Gesi. Jikoni tuna mtungi wa gesi, na ule unaisha kweli kwa sababu unaunguzwa. Ukipika maharage, gesi imeondoka na hairudi. Kwa hiyo fundi akisema gesi ya AC imeisha, akili inakubali bila kuuliza, kama vile umeambiwa mkaa umeisha. Lakini ya AC haiunguzwi. Inazunguka. Ndani inageuka kutoka kimiminika kuwa hewa na kubeba joto la chumba chako, nje kompresa inaibana na joto lile linatupwa, inageuka kimiminika tena, inarudi ndani. Ni ileile, miaka kumi, miaka kumi na tano. Kama imepungua, imetoka mahali. Kuna tundu, au kuna nati isiyokaza. Mtu anayekujazia bila kutafuta inapotokea anajaza ndoo iliyotoboka, na anajua atarudi.

Wiki ile ile ya mara ya tatu nilimsimulia mzee mmoja wa mtaa wetu. Ni fundi wa majokofu wa zamani, maisha yake yote alikuwa kwenye vyumba vya baridi vya samaki, sasa amestaafu na hukaa barazani na redio yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, nikamweleza. Hakuniuliza geji ilisomaje. Aliuliza, "Mwanangu, kuna mafuta kwenye nati?"

Sikuwahi kuangalia. Tukaenda. Boksi la nje lina mirija miwili ya shaba, mnene na mwembamba, kila mmoja umefungwa kwa nati. Kwenye nati ya ule mnene palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sarafu, vumbi limenata juu yake kama kwenye mnyororo wa baiskeli. Akaligusa kwa kidole, akakisugua kwenye dole gumba, akanionyesha: mafuta. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi inapovuja huacha alama pale ilipotokea. Akaniagiza bakuli la maji na sabuni ya vyombo. Akapaka povu lile kwa sponji kuizunguka nati, akakaa kimya. Kapovu kamoja kakatokea upande wa chini, kakakua taratibu mpaka kikawa kama punje ya zabibu, kakapasuka, kakaanza kingine.

Pale ndipo hela yangu ya mara zote tatu ilipopitia. Shilingi 270,000, povu moja baada ya jingine.

Alipoifungua nati, mdomo wa mrija, ule unaopanuliwa kama mdomo wa tarumbeta, ulikuwa umepanuliwa upande na una ufa mwembamba kama unywele. Ulitoka hivyo siku ya kufungwa. Na aliyeufunga ndiye aliyekuwa akija kuniuzia gesi. Mzee alikata kipande kile kibovu, akapanua mdomo mpya, akaukaza, akaleta pampu akanyonya hewa yote iliyokuwa ndani kwa zaidi ya nusu saa. Yule wa kwanza hakuwahi kuwa na pampu hiyo. Alikuwa analegeza nati kidogo ili gesi isukume hewa itoke, na hivyo ndivyo unyevu unavyobaki ndani na kuila mashine polepole. Kisha mzee akasoma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa boksi, akaweka mtungi kwenye mzani, akajaza gramu zilizoandikwa pale, si kwa kubahatisha. Nililipa laki na kumi, gesi ikiwemo. Hiyo ilikuwa Mei 2022. Tangu siku ile mpaka leo AC ile haijaongezwa gesi hata gramu moja.

Kwa hiyo ndugu yangu, soma kile kibati. Kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake. Za zamani nyingi ni R22, ambayo dunia inaiondoa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Zilizofuata ni R410A, na nyingi mpya ni R32. Hazichanganywi. R410A ina mgandamizo unaozidi wa R22 kwa zaidi ya nusu, na R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo usikubali mtu achomelee bomba lenye gesi hiyo ndani. Fundi akifika na mtungi mmoja anaosema unafaa AC zote, mpe chai, mshukuru, aende.

Na kabla ya gesi kuna chujio. Nitalisema hili mpaka mchoke. Fungua mfuniko wa boksi la ndani, vuta vile vyavu viwili, vipeleke bombani, osha kwa maji ya kawaida, vikauke kivulini, rudisha. Mitaa yetu ya vumbi inataka kila wiki mbili. Chujio likiziba, hewa haipiti, koili ya ndani, ile mirija inayopooza hewa, inaganda barafu, baridi inapotea, na fundi mwenye njaa anakwambia gesi imeisha. Barafu ikishatanda usichokonoe kwa kisu. Zima kabisa, acha iyeyuke yenyewe, osha chujio, washa upya. Ikiganda tena na chujio ni safi, hapo ndipo uanze kufikiria uvujaji, hasa ukiona barafu imeshika ule mrija mwembamba pale boksi la nje.

Maji kudondoka ukutani wengi wanayaogopa bure. Hewa ya pwani imejaa unyevu, AC inauvuta, na maji yale lazima yatoke nje kwa bomba dogo la plastiki. Bomba likijaa utelezi wa kijani, maji yanarudi chumbani. Yangu niliizibua kwa kuvuta kwa pampu ya baiskeli iliyogeuzwa kinyonyo, kukatoka kitu kama kamasi, maji yakaporomoka, kazi ikaisha.

Mwaka jana boksi langu la nje lilikufa ghafla, hakuna hata mlio. Nilizima breka, nikasubiri, nikafungua mfuniko. Mjusi. Amekauka juu ya kadi ya umeme, mguu mmoja upande huu na mkia upande ule, amepiga shoti. Fundi alisafisha na kubadilisha fyuzi ya kadi, na mimi nikaziba tundu la nyaya kwa silikoni. Ila tafadhali, usiingize mkono humo ndani kwa sababu umesoma hapa. Kapasita hubaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa, na umeme ule unaweza kukuumiza vibaya. Kazi yako wewe ni kuona, kusikia na kuuliza.

Umeme mdogo nao unaua kompresa. Jioni taa zikififia, zima AC. Nunua kile kifaa cha kulinda, kinachokata umeme ukishuka au kupanda na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha, kwa sababu kompresa ikizimwa na kuwashwa papo hapo inaamka ikiwa bado imebanwa na gesi. Hata kwa rimoti, ukizima subiri dakika tatu. Na acheni kuweka nyuzi 16. AC ya kawaida isiyo ya inveta, yaani ambayo kompresa yake haibadilishi kasi, haipoozi haraka zaidi kwa 16 kuliko kwa 24. Inapooza kwa kasi ileile, tofauti ni kwamba haipumziki na yuniti za Luku zinayeyuka. Sisi tunaiweka 25 na feni ya dari inazunguka taratibu, Imani anajifunika shuka.

Kuna mafundi waaminifu wengi, nimeshakutana nao na nawaheshimu. Wao ndio wanaoumia zaidi na wale wa "gesi imeisha", kwa sababu mteja aliyeibiwa mara tatu hamwamini hata anayemwambia ukweli. Fundi mwaminifu ukimuuliza "inavuja wapi?" hakasiriki. Anainama, anaangalia nati, anaomba sabuni. Yule wangu wa kwanza nilimpigia baada ya mzee kumaliza, nikamuuliza swali hilo hilo. Alikata simu. Sikudai hela yangu, na bado inaniuma kwamba sikudai, kwa maana kuna nyumba nyingine Tabata hii ambako bado anaenda.

Kama AC yako ina tatizo na unataka kuniandikia, nitumie picha tatu: kibati cha boksi la nje, nati mbili za mirija kwa karibu, na chujio kama lilivyo kabla hujaliosha. Niambie pia boksi la nje linatoa sauti gani. Usinitumie picha ya rimoti. Na kama fundi ameshafika yuko sebuleni anasubiri hela, mpe maji ya kunywa kwanza, kisha nenda jikoni kachukue sabuni ya vyombo.