Mwanangu, Uliloniuliza Kuhusu Webber na Bush

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma bila haraka. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini wenzako kazini huko Los Angeles wanamshangilia Reggie Bush, yule mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyepewa pesa akiwa chuoni, ilhali wakubwa wao wanakiri kwamba zamani walimwita mwizi, na mimi niliyekuwa hapa Michigan wakati wa sakata la Chris Webber nilimhukumu vipi. La pili ni la binamu yako anayekimbia mbio za chuo, aliyeahidiwa pesa na duka la viatu. Naanza na la kwanza, ndilo lenye maneno mengi.

Wewe hukuwa umezaliwa Webber na wenzake wanne walipoingia Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1991. Vijana watano wa mwaka wa kwanza wakawa kikosi cha kwanza cha mpira wa kikapu, jambo ambalo halikuwa limezoeleka hata kidogo. Webber na Jalen Rose walikuwa watoto wa Detroit. Kaptula zao ndefu, soksi nyeusi, vichwa vilivyonyolewa, vyote vikawa mtindo wa mtaa. Walicheza fainali ya taifa mwaka 1992, wakarudi tena 1993, na zote mbili wakapoteza. Ile ya pili ndiyo iliyouma. Zilikuwa zimebaki sekunde 11 dhidi ya North Carolina, Webber akaomba mapumziko wakati timu ilikuwa imeshayamaliza. Wakaadhibiwa, na mechi ikaisha 77 kwa 71.

Miaka ikapita ndipo jina la Ed Martin likajulikana. Alikuwa fundi umeme mstaafu wa Ford aliyekuwa akiendesha bahati nasibu haramu ya namba ndani ya viwanda vya magari. Mwaka 2002 alikiri mahakamani njama ya kutakatisha fedha, na akasema aliwapa wachezaji wanne wa Michigan jumla ya dola 616,000, Webber peke yake akiwa na dola 280,000 kati ya hizo. Novemba ya mwaka huo chuo kikashusha bendera za fainali zile mbili kutoka kwenye paa la ukumbi. Ed Martin akafariki Februari 2003 kabla hajahukumiwa. Julai mwaka huo huo Webber, aliyekuwa ameshtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu fedha hizo, akakiri kosa la kuidharau mahakama. Alikiri kwamba mwaka 1994 alimrudishia Martin sehemu ya pesa zake.

Sasa sikiliza watu walivyomsema, kwa maana jibu la swali lako limo humo. Kinyozi, kantini, msikitini baada ya sala, nilisikia sentensi moja ikirudiwa na watu wasiojuana: "Kala pesa, halafu katukosesha ubingwa." Yale mapumziko ya 1993 na bahasha za Martin havihusiani kwa lolote. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Webber alilipwa ili apoteze. Lakini uchungu wa kushindwa ulikuwa umekaa miaka tisa bila mtu wa kuubeba, na zile hati za mahakama zikampa kila mmoja ruhusa. Ni kama kipa wetu anapofungwa bao la kizembe kwenye mechi ya Simba na Yanga: hajafika nyumbani, mtaa mzima umeshasema kahongwa.

Mimi nilimhukumu hivi, na sijabadilika. Pesa sikumlaumu nazo. Kijana wa miaka 19 alikuwa akijaza ukumbi, jezi yenye namba yake ikiuzwa madukani, kocha na watangazaji wakilipwa vizuri, na yeye kanuni ya michezo ya vyuo ikimwambia asipokee hata shati. Kile kiapo ndicho ninachomhesabia. Aliitwa mbele ya jopo linalochunguza mashtaka, akaapa, kisha hakusema kweli. Wewe unajua nilivyokulea juu ya kiapo. Na kuna jambo la pili: Jimmy King na Ray Jackson, wawili wa wale watano, hawakutajwa popote katika pesa za Martin, lakini bendera zilizoshushwa zilikuwa zao pia. Jalen Rose alimtaka hadharani mwenzake aombe radhi. Mimi naona deni la Webber lilikuwa kwa wenzake wanne wa kikosi, si kwa mashabiki waliokuwa wakila karanga jukwaani.

Bush ni habari nyingine, ingawa watu huwaweka kapu moja. Wakati anacheza Chuo Kikuu cha Southern California, hapo hapo Los Angeles, wanaume wawili waliotaka kuanzisha wakala wa wachezaji waliipatia familia yake fedha na nyumba ya kuishi eneo la San Diego, wakitegemea atakuwa mteja wao. Alishinda tuzo ya Heisman mwaka 2005, tuzo kubwa kabisa ya mpira wa Kimarekani wa vyuo. Juni 2010 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikakifungia chuo kucheza mechi za mwisho wa msimu kwa miaka miwili, kikafuta ushindi na kupunguza nafasi 30 za ufadhili wa masomo. Septemba Bush akaiachia tuzo. Alirudishiwa tarehe 24 Aprili 2024.

Katikati hapo ndipo kanuni ilipobadilika. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake, na baada ya makubaliano yaliyoidhinishwa na jaji Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mashabiki waliomtupa Bush wanamtazama leo na kuona mtu aliyewahi mapema. Mimi furaha yao naielewa, ila msingi wake siuamini. Kama alikuwa mwizi mwaka 2010, kubadilika kwa kanuni hakumfanyi mwaminifu. Na kama si mwizi leo, basi hata siku ile hakuwa. Alivunja kanuni aliyoijua, kweli. Lakini taja mtu mmoja aliyepungukiwa mfukoni kwa sababu yake, ukiondoa wale wawili waliompa wakitarajia faida. Walioumia ni vijana waliojiunga na timu baada yake na kuzikosa mechi zile za mwisho wa msimu, na hao waliumizwa na adhabu iliyowakuta mwenye kosa ameshaondoka. Wenzako wangewasikitikia hao kwanza.

Halafu kuna Ohio State, chuo cha jimbo la jirani na watani wetu wa jadi katika mpira wa Kimarekani. Usidhani nasema hivi kwa kuwa mimi ni mtu wa Michigan, fuatilia mwenyewe. Desemba 2010 wachezaji watano, akiwemo Terrelle Pryor, walifungiwa mechi tano za msimu uliofuata kwa kuuza pete zao za ubingwa, jezi na zawadi zao wenyewe, na kwa kuchorwa tatuu kwa bei ya chini. Kumbe kocha, Jim Tressel, alikuwa ameshapata taarifa kwa baruapepe tangu Aprili, akanyamaza, na akasaini fomu kwamba hana analolijua. Mshahara wake ulikuwa mamilioni. Alijiuzulu Mei 2011. Pryor akaondoka, na chuo kikamkataza kujihusisha na timu kwa miaka mitano. Novemba 2012 chuo kikawaheshimu mabingwa wake wa mwaka 2002 uwanjani, katika mechi dhidi yetu. Wachezaji wa zamani wakambeba Tressel mabegani, na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Mwaka 2025 akawa naibu gavana wa jimbo la Ohio. Mtu mzima aliyeficha alisamehewa ndani ya mwaka mmoja na nusu, na kijana aliyeuza pete yake mwenyewe aliambiwa asikanyage. Hilo hunikasirisha mpaka sasa, na sioni haya kusema kwamba rangi ya kijana na rangi ya kocha ni sehemu ya hesabu ile, maana nimeishi hapa muda wa kutosha kujua nani huitwa "aliyekosea" na nani huitwa "mhalifu."

Ila nisije nikakufanya uamini kwamba kila mchezaji anayetuhumiwa kwa pesa ameonewa. Msimu wa 1978 na 1979 kuna wachezaji wa kikapu wa Boston College walioshirikiana na wahuni wa kamari ili timu ishinde kwa pointi chache kuliko ilivyotarajiwa. Mmoja wao alihukumiwa miaka kumi jela. Huko ndiko kuuza mechi. Shabiki alilipa kiingilio akaonyeshwa maigizo, na mwenzake uwanjani alikuwa akitoka jasho bure. Kwa kosa la aina hiyo mimi sina huruma, hata mchezaji awe wa kwetu. Kinachoniudhi ni kwamba midomoni mwa mashabiki huyu na aliyeuza jezi yake wanaitwa jina moja. A.J. Green wa Chuo Kikuu cha Georgia alifungiwa mechi nne mwaka 2010 kwa kuuza jezi yake kwa dola 1,000, wakati jezi zenye namba yake zilikuwa zikiuzwa dukani. Nilisikia watu wazima wakimjadili utadhani kavunja benki.

Na wapo wanaohukumiwa kabla ya mahakama kufungua faili. Mwaka 2023 wachezaji kadhaa wa vyuo vya Iowa na Iowa State walishtakiwa katika mambo ya kamari za simu. Machi 2024 waendesha mashtaka wakafuta kesi za baadhi yao, baada ya mawakili kulalamikia namna ushahidi ulivyopatikana. Waliokuwa wamepoteza msimu hawakurudishiwa. Waliowatukana nao wakahamia kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia tena kwamba Bush ni mwizi, au yule mwingine akikuambia ni shujaa, usibishane nao juu ya Bush. Waulize wamesema nini juu ya mchezaji wa UCLA, chuo kingine cha Los Angeles na watani wao, aliyetuhumiwa jambo kama hilo. Wakitoa hukumu ile ile kwa wote wawili, wasikilize kwa heshima, hata kama wanapingana nami.

Sasa la binamu yako, na hili nataka umpigie simu leo. Asisaini chochote na duka hilo. Ruhusa ya mwaka 2021 imewafungulia Wamarekani. Yeye yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, na viza ile inambana sana katika kufanya kazi ya malipo, matangazo yakiwemo. NCAA inaweza kumruhusu na serikali ikamfukuza. Vijana wetu wamekuja kukimbia vyuoni hapa tangu enzi za Suleiman Nyambui, mkimbiaji wetu wa Tanzania, pale El Paso, Texas, na wengi wao hawana mtu wa kuwasomea mkataba. Aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni, kisha amwone wakili wa uhamiaji, si yule wa duka. Ada ya wakili nitailipa mimi. Mwambie shangazi yako asiuze kitu. Na binamu yako akikuambia ameshapokea kitu, hata viatu, aniambie kweli kabla hajamwambia mtu mwingine, tujue pa kuanzia.

Mama yako anakusalimu, anauliza lini utakuja.

Ni mimi baba yako.