Swali la lugha: Nati hufungwa au hukazwa?

Msomaji wetu wa Nakuru, ambaye hubadilisha magurudumu ya gari lake mwenyewe nyumbani, anauliza kama "kufunga nati" na "kukaza nati" ni kitu kimoja, na kama anayesema "kulegeza" badala ya "kufungua" amekosea.

Vitenzi hivyo vinne vyote ni sahihi, lakini kila kimoja kina kazi yake, na anayetoa maelekezo ya ufundi hana budi kuvitenganisha. Kufunga ni kuizungusha nati kwenye bolti hadi ikae mahali pake, na kukaza ni kuibana kwa spana hadi ishike imara. Kulegeza ni kuipunguzia mkazo ikiwa bado ipo kwenye bolti, ilhali kufungua ni kuizungusha mpaka itoke. "Fungua" limetokana na "funga" kwa kiambishi cha kutendua, kama "kunjua" lilivyotokana na "kunja". "Kaza" halina mwenzake wa namna hiyo katika matumizi ya kawaida, ndiyo maana kinyume chake hutolewa katika mzizi mwingine kabisa, "legea".

Tofauti hii naihimiza kwa sababu kazi yenyewe hufuata hatua hizo. Gurudumu likiwa bado limekanyaga chini, nati hulegezwa kidogo tu. Gari likishainuliwa kwa jeki, ndipo hufunguliwa. Wakati wa kurudisha, hufungwa kwanza kwa vidole ili hesi, ile mifereji ya kujipinda, zisiharibike. Kisha gari hushushwa na nati hukazwa kwa kufuatisha zinazokabiliana, kwa kipimo kilichotajwa katika kitabu cha gari. Anayeandika "fungua nati, kisha inua gari" anamwelekeza msomaji wake kwenye hatari, kwani gurudumu lisilo na nati laweza kuchomoka gari likiinuliwa.

Kauli za kitenzi nazo zina habari. "Nati imekazwa" humaanisha kuna mtu aliyeikaza. "Nati imekaza", usemi wa kila siku katika gereji zetu, humaanisha haizunguki, mara nyingi kwa sababu ya kutu, na usemi huo ni Kiswahili safi. Ukisikia fundi akisema "haikaziki", elewa kwamba inazunguka bila kushika: hesi zimelika, na nati au bolti yake inapaswa kubadilishwa.