Maswali ya Waandishi: Taharuki, Nafsi ya Tatu na Mwanzo Unaochelewa

Swali: Hadithi yangu ya kurasa 30 inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na mwanamke anayemjua aliyemuua kaka yake. Nimelificha jina la muuaji hadi ukurasa wa mwisho. Watu wanne wameisoma. Wote wanasema haina taharuki, na mmoja anasema amehisi kudanganywa. Nimekosea wapi?

Jibu: Huyo aliyehisi kudanganywa ndiye msomaji wako bora. Ukishamwingiza mtu ndani ya kichwa cha mhusika, ana haki ya kujua kile mhusika anachokiwaza. Msimulizi wako analala akimfikiria muuaji, anaamka akimfikiria, hata anakutana naye na kusalimiana naye, lakini jina halimtoki. Msomaji haoni fumbo hapo. Anamwona mwandishi amemziba mdomo msimulizi wake.

Jaribu hivi kabla ya kubadilisha chochote kingine: mtaje muuaji ukurasa wa 2 au wa 3, halafu andika pembeni yale ambayo bado hayajulikani. Je, muuaji anafahamu kwamba ameshajulikana? Mwanamke atasema au atanyamaza? Akisema, nani mwingine ataumia? Sasa wakalishe meza moja wawili hao wazungumze mambo ya kawaida kabisa. Tukio ambalo zamani lilikuwa la kupita tu litakuwa gumu kuliacha, kwa sababu msomaji anaijua hatari na hajui itamfikia nani, lini, kwa njia gani. Hiyo ndiyo taharuki. Ulichokuwa unakitafuta wewe ni mshtuko, na mshtuko huisha katika sentensi moja. Kurasa 29 kwa ajili ya sentensi moja ni gharama kubwa.

Kama lazima jina lifichwe, zipo njia za haki. Mpe usimulizi mtu asiyelijua. Au tumia nafsi ya tatu inayoonyesha matendo na maneno tu, bila kuingia katika mawazo ya yeyote, na ushikilie hivyo toka mwanzo hadi mwisho. Ukichungulia mawazo mara moja tu, mkataba wako na msomaji umevunjika. Au mwache msimulizi atangaze mapema kwamba kuna jina hatalitaja, na sababu yake iwe sehemu ya hadithi. Njia hii ya tatu ni ngumu, lakini ikifaulu inapendeza kuliko zote.

Vyovyote utakavyochagua, panda vidokezo visivyopungua vitatu. Kile kizito kiweke katikati ya aya yenye shughuli nyingi. Jicho hushika zaidi mwanzo na mwisho wa aya, kwa hiyo cha katikati kitasomwa bila kushtukiwa, na baadaye msomaji atakikumbuka.

Swali: Nikiwaweka watu wawili katika tukio moja kwa nafsi ya tatu, wasomaji wananiuliza nani amefanya nini. Nikirudia majina kila mara, inachosha. Nifanyeje?

Jibu: Tatizo hili linawapata hata wazoefu, maana *a-* na *-m-* humbeba mtu yeyote, mwanamume au mwanamke. Tazama: "Rehema alimtazama Salome. Alikuwa amechoka." Nani amechoka? Mwandishi anajua, msomaji anabahatisha.

Amua nani mwenye *a-* katika aya, na umwachie mpaka aya iishe. Mtendaji akibadilika, fungua aya mpya au taja jina. Kisha tumia ngeli, kwani zitakusaidia kuliko majina. Mkono, sauti, macho, kivuli: kila kimoja kina upatanisho wake, hakigongani na *a-*. "Rehema alimtazama Salome. Macho yalikuwa mekundu, na mkono ulioshika barua ulitetemeka." Jina halijarudiwa, wala hakuna anayepotea, mradi umeshaonyesha mapema nani ameshika barua. Usikimbilie "mwanamke huyo" na "binti yule". Msomaji anaweza kudhani ameingia mtu wa tatu. Na usiwape wahusika wakuu majina yanayofanana mwanzo, kama Salome na Salima.

Uangalie pia mnyororo wa *-ka-*. "Rehema alifungua droo, akatoa barua, akaisoma" ni sawa, mtendaji ni mmoja. Ukiendelea "akamnyang'anya", na sasa anayetenda ni Salome, umemwangusha msomaji. Hata mtendaji akiwa yuleyule, vitenzi vinne au vitano vya *-ka-* mfululizo huanza kusikika kama taarifa ya tukio kituoni. Katiza kwa *-ki-* ("akaisoma huku midomo ikimcheza") au kwa sentensi fupi iliyotulia.

Swali: Naambiwa wahusika wangu wote wanaongea sauti moja. Nimempa kila mmoja neno lake la kurudiarudia, lakini bado.

Jibu: Yaondoe hayo maneno, kufikia sura ya tatu yanaudhi. Watu hutofautiana zaidi katika namna wanavyokwepa. Mmoja akiulizwa hujibu kwa swali. Mwingine huamuru. Wa tatu hujibu jambo ambalo hakuulizwa:

"Umelipa?"

"Mvua leo itanyesha."

Mistari miwili, na tumeshajua deni halijalipwa, na pia nani anamwogopa nani. Andika kwa kila mhusika anachokitaka katika mazungumzo hayo na kile asichotaka kijulikane. Kisha futa "alisema" zote na umpe mtu asome: akishindwa kutambua msemaji katika mistari mingi, rudi kazini. Ukizirejesha, "alisema" na "aliuliza" zinatosha. "Alifoka", "alibwata" na "alinguruma" zikijaa ukurasa mmoja, kelele ni za mwandishi.

Swali: Riwaya yangu inaanza alfajiri, mhusika anaamka, anaoga, anakumbuka utoto wake. Mhariri anasema nianze baadaye. Baadaye kiasi gani?

Jibu: Soma mpaka ukute jambo la kwanza lisiloweza kurudishwa nyuma: barua imefunguliwa, neno limetamkwa, mtu ameondoka. Anza hapo, au ukurasa mmoja kabla. Kilichokatwa kiandike kama orodha ya taarifa, kisha kila taarifa ipeleke pale inapohitajika ili tukio lieleweke, sentensi moja au mbili. Utashangaa nyingi hazihitajiki popote.

Utoto uingie kwa kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, lakini baada ya tukio la sasa kuzua swali ambalo msomaji anataka lijibiwe. Vitenzi viwili vya kwanza viwe vya "alikuwa ame-", kisha rudi kwenye *-li-* ya kawaida. Kuishikilia "alikuwa ame-" kurasa mbili kunachosha ulimi. Unapotoka, mrudishe mhusika kwenye kitendo kilekile ulichokikatiza.

Swali: Nahariri kwa mpangilio gani?

Jibu: Kwanza msuko: tukio gani lifutwe, lipi lihame. Pili kila tukio peke yake. Tatu sentensi. Tahajia na alama za uandishi mwisho kabisa, vinginevyo utasahihisha koma katika ukurasa utakaoutupa. Hatua ya sentensi ifanye kwa kusoma kwa sauti. Ulimi ukikwama, weka alama pembeni na uendelee bila kurekebisha, upate kusikia mwendo wa tukio zima. Marekebisho yafanye ukishalimaliza.