Kubadilisha vishikio vya madirisha vilivyochakaa

Ndugu, umeuliza kama vishikio vya madirisha yako ya plastiki, ambavyo sasa vinazunguka bila kufunga, vinaweza kubadilishwa bila kung'oa fremu. Vinaweza, na kazi yenyewe ni ya dakika chache, ila nakusihi usiende dukani kabla ya kupima. Inua kidogo kifuniko kilicho chini ya kishikio na ukigeuze pembeni; kwa aina nyingi utaziona skrubu mbili. Zilegeze, uchomoe kishikio, kisha upime upana wa nondo ya mraba, yaani kile chuma kinachotoka kwenye kishikio na kuingia dirishani, ambao mara nyingi ni milimita 7, umbali kati ya skrubu, ambao kwa kawaida ni milimita 43, na urefu wa nondo kuanzia kwenye bamba, yaani kitako cha kishikio kinachokaa juu ya dirisha. Urefu huo ndio unaowaponza wengi, kwa kuwa nondo fupi haishiki vizuri, na iliyo ndefu kupita kiasi huzuia bamba kukaa sawasawa. Kabla ya kununua, chomeka hapo kishikio kizima cha dirisha jingine linalofanana: nacho kikizunguka bure, ubovu umo kwenye komeo la ndani ya fremu, na hapo utahitaji fundi.