Maswali ya Wasomaji: Kampuni Moja, Namba Mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, katika taarifa ya akaunti yangu ya uwekezaji, hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google, zimeandikwa katika mistari miwili yenye namba za ISIN zisizofanana: US02079K3059 na US02079K1079. Je, mstari mmoja umekosewa? Na namba hizi hutolewa na nani?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna kilichokosewa. ISIN, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho, haitambulishi kampuni bali dhamana yenyewe (hisa au hatifungani), na Alphabet ina aina mbili za hisa zinazouzwa sokoni: namba ya kwanza uliyoitaja ni ya hisa za daraja A, zinazompa mwenye nazo haki ya kupiga kura katika mkutano wa wanahisa, na ya pili ni ya daraja C, zisizo na kura. Hisa zenye haki tofauti zisipotenganishwa kwa namba, mnunuzi wa moja anaweza kukabidhiwa nyingine.

Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 6166, ISIN ina alama 12: herufi mbili za nchi, alama tisa za namba ya kitaifa, na tarakimu moja ya kuhakiki. Nchini Marekani namba hiyo ya kitaifa ni CUSIP, nayo ina mpangilio wake wa ndani. Alama sita za mwanzo humtambulisha mtoaji, yaani aliyeitoa dhamana, ndiyo maana 02079K imejirudia katika mistari yako yote miwili. Mbili zinazofuata, yaani 30 na 10, hutofautisha dhamana zake. Na ya tisa, 5 au 7, huihakiki CUSIP peke yake. Kwamba ISIN zote mbili zimeishia na 9 ni sadfa ya hesabu tu.

Hesabu hiyo ya kupata tarakimu ya kuhakiki ya ISIN hugeuza kwanza kila herufi kuwa namba, kuanzia A ambayo ni 10 hadi Z ambayo ni 35. Kisha, kutoka kulia, tarakimu huzidishwa kwa mbili kwa kuruka moja moja, tarakimu zote zinazopatikana hujumlishwa, na ile ya kuhakiki hukamilisha jumla igawanyike kwa 10. Tarakimu moja ikikosewa, kosa hujulikana papo hapo. Hata hivyo, herufi mbili zilizopakana zikibadilishana nafasi, hesabu haigundui lolote, kwa hiyo ni heri kunakili namba kwa kompyuta kuliko kwa mkono.

Herufi za nchi nazo huwapotosha wengi. Accenture huuzwa katika soko la hisa la New York, lakini ISIN yake, IE00B4BNMY34, huanza kwa herufi za Ireland kwa sababu huko ndiko ilikosajiliwa. Hatifungani nyingi za kimataifa huanza na XS, ambayo si nchi yoyote.

Namba hutolewa na wakala wa kila nchi baada ya mtoaji kuwasilisha maelezo ya dhamana yake. Mawakala hao wameungana katika chama cha ANNA, kilichoanzishwa mwaka 1992. Marekani kazi hiyo hufanywa na CUSIP Global Services, na Uingereza na London Stock Exchange. Kwa kuwa hisa ileile hubaki na ISIN moja hata ikiuzwa katika masoko kadhaa, unapomwagiza dalali mtajie pia soko na sarafu.