Wanafunzi Waje, Lakini Daftari Libaki Kikundini

Swali la wiki hii lilikuwa: "Je, ushirikiano wa wanafunzi wa vyuo na vikundi vya mitaani unaweza kuisaidia Mombasa kujilisha?" Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba kila wanachokipima na kukiandika wanafunzi katika mashamba yetu kibaki mikononi mwa kikundi, kwa lugha wanayoisoma wanakikundi wenyewe. Nasema hivi nikiwa katibu wa kikundi cha kina mama wa Kisauni wanaolima mboga katika magunia na katika vipande vya ardhi visivyo vyao.

Huko kujilisha kuna mpaka wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu, ambayo nchi yake kavu ni kilomita za mraba zipatazo 220, tena sehemu kubwa imejengwa. Malori yataendelea kushusha katika soko letu kuu la Kongowea viazi na kabeji za bara, machungwa ya Tanzania na maembe ya Kilifi na Tana River, wala si vibaya. Tunachoweza kukizalisha wenyewe ni vile vinavyoharibika njiani: mchicha, mnavu, majani ya kunde, spinachi, mayai na kuku. Mboga ya majani iliyochumwa alfajiri na kupikwa adhuhuri haihitaji lori, na mama muuzaji hapotezi nusu ya fungu lake kwa kunyauka.

Hapo ndipo maji yanapokuwa shida kuliko ardhi. Maji ya bomba, ambayo mengine husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, huja kwa mgao, na mtungi wa kununua kwa mkokoteni hauwezi kumwagiliwa mchicha ukaleta faida. Tumebaki na visima. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambamo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yameelea juu ya maji ya bahari, na ukivuta kwa pupa chumvi hupanda. Wanafunzi wawili walitujia na kifaa kidogo cha mkononi cha kupima chumvi, wakafuatana nasi kutoka kisima hadi kisima. Bibi mmoja mkubwa wetu sote alionja kwanza kila ndoo kabla kifaa hakijatumbukizwa, akavipanga visima kuanzia kilicho baridi hadi kilicho kikali, na mpango wake ukaafikiana na wa kifaa isipokuwa mahali pamoja. Kisima kimoja kilichokuwa kizuri asubuhi kilipanda chumvi jioni, baada ya jirani kuwasha pampu mchana kutwa. Jambo hilo ulimi wake usingelijua, kwa kuwa maji huyateka alfajiri.

Wanafunzi wale walituachia jedwali lililoandikwa kwa Kiswahili, tukalibandika ukutani katika nyumba tunamokutania. Kwa jedwali hilo tuliacha kumwagilia maharagwe, karoti na vitunguu kwa maji ya visima vikali, kwa sababu mimea hiyo haivumilii chumvi, tukavipa visima hivyo spinachi, ambayo ni jamaa ya bitiruti na huvumilia zaidi. Walitueleza pia kwamba kifaa chao hakioni vijidudu, na kwamba kisima kilicho karibu na choo cha shimo kinahitaji kupimwa katika maabara. Tangu hapo maji ya namna hiyo tunayamwaga kwenye shina, hatuyanyunyizi juu ya majani, hasa ya mboga zinazoliwa mbichi.

Nalinganisha hayo na wageni waliotutangulia, kutoka chuo kingine, waliokuja na hojaji ya kurasa nyingi kwa Kiingereza. Waliuliza tunakula mara ngapi, tunapata shilingi ngapi, waume zetu wanafanya kazi gani. Kina mama waliacha biashara ya mahamri asubuhi ile ili wawajibu, kwa kuwa mgeni huheshimiwa. Matokeo hatukuyaona hadi leo. Sitaki kusema wale vijana walikuwa wabaya. Nadhani hakuna mhadhiri aliyewaagiza kurudi.

Kalenda nayo yafaa kutazamwa. Wanafunzi wengi hutufikia Mei, wakati masika yameshakolea na mbegu imeshaingia ardhini, kisha huondoka kabla ya vuli. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo unaenea katika muhula mmoja, lakini muhogo hutaka miezi tisa au zaidi, na mnazi wetu mrefu hutaka miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Chuo kinachotaka kusoma zao la namna hiyo lazima kipange wanafunzi wa kupokezana, mwaka huu kwa mwaka ujao, na daftari moja linalokaa kwetu.

Isidhaniwe kwamba tunawahitaji wa kilimo peke yao. Pwani wengi tunaishi katika nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako lakini kiwanja ni cha mwingine, na mwenye kiwanja anaweza kurudi siku yoyote. Mwanafunzi wa sheria akituandalia mkataba mfupi wa kulima kwa msimu, ametusaidia kuliko aliyetuletea miche. Vilevile, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na nyingine, na mabaki ya Kongowea yangetosha kuwa mboji ya vikundi vingi, ila mtu ahesabu yanatoka mangapi kwa siku, ya aina gani, na plastiki iliyochanganyika nayo ni kiasi gani. Kazi hiyo ya kuhesabu ni ya mwanafunzi hasa: inahitaji subira, mizani na muda, vitu ambavyo mama anayeuza tangu alfajiri hana.

Kwa upande wetu, swali la muhula ujao tumeshaliandika, na tutamkabidhi mhadhiri atakayebisha hodi: kisima kile kinachopanda chumvi jioni, tukikubaliana na jirani apige pampu kwa saa chache tu, maji yatarudi kuwa baridi baada ya muda gani, na jirani atalipwa nini kwa kungoja?